Gauni la Bibi na Neno Lenye Nyota

Wenzangu niliohitimu nao walipata ajira, wengine walipata watoto, wengine walipata mabanda ya kuku. Mimi nilipata neno. Tena neno la watu wa mbali, la kale kiasi kwamba hakuna aliyewahi kuliona limeandikwa.

Lilikuja kwa barua pepe. Nilikuwa nimejiunga na kozi ya bure ya mtandaoni kuhusu historia ya lugha, kwa sababu nilikuwa na shahada ya isimu, simu yenye kioo kilichopasuka, na siku nyingi za kukaa. Mwalimu wa kozi aliamua kila mwanafunzi achunguze neno kutoka ukoo wa lugha asioujua. Mimi nikapewa neno la nguo katika lugha mama ya Waslavi, ile iliyozaa Kirusi, Kipolandi, Kibulgaria na ndugu zao. Nilikaa siku mbili nikijiuliza kwa nini nguo. Kwenye kikao cha kwanza cha video nilikuwa nimevaa sweta la shangazi yangu, lenye kifungo kimoja cha rangi tofauti na vingine. Je, mwalimu alikiona? Je, ulikuwa ujumbe? Niliandika barua ya kumuuliza, nikaifuta, nikaandika nyingine ya kumshukuru, nikaifuta na hiyo pia.

Wakati huo nilikuwa naishi kwa shangazi, mtaa wa Mkonze, Dodoma. Shangazi ni fundi cherehani. Kibarazani kwake kuna cherehani mbili, meza ya kukatia, na benchi la wateja ambalo ndilo lilikuwa ofisi yangu. Asubuhi nilifumua mishono ya nguo za kurekebishwa kwa wembe, mchana nikafungua daftari na kuendelea na Waslavi.

"Hilo neno lako limefika wapi leo?" shangazi angeuliza bila kuinua macho kwenye sindano.

"Bado liko kwenye kiambishi, shangazi."

"Maskini. Lipe maji."

Neno lenyewe ni *odedja. Hiyo nyota mbele yake si pambo. Wanaisimu huiweka kuonyesha kwamba neno halijaokotwa popote, limejengwa upya kwa kulinganisha watoto wake. Kirusi kinasema odezhda, Kipolandi odzież, na Kislovenia odeja, ambalo kwa Waslovenia limeishia kuwa blanketi. Hilo la blanketi lilinifurahisha sana, maana hata neno letu la nguo lina ndugu huko kusini, ingubo, ambalo kwa Wazulu ni vazi na ni blanketi pia. Inaonekana binadamu popote alipo, akishapata baridi, hatofautishi sana.

Ukilifumua *odedja unapata vipande viwili. Cha mbele kina maana ya kuzunguka, cha nyuma kina maana ya kuweka. Kwa hiyo nguo ni kitu unachojiwekea pande zote. Shangazi alipoambiwa hivyo alisimamisha cherehani. "Hao watu wana akili," alisema. "Nina wateja humu wanataka kujiwekea mbele tu."

Sarufi yake ilinitesa zaidi. Neno hilo ni la jinsia ya kike, na mwisho wake hubadilika kadiri ya kazi. Nguo ikiwa ndiyo inayochanika, mwisho ni huu. Ukiwa wewe ndiye unayeichana, mwisho ni mwingine. Ukizungumzia pindo la nguo, mwingine tena. Kuna hata umbo la nguo mbili, mbili tu, si moja wala tatu. Sisi mambo yetu mengi tunayaweka mwanzoni mwa neno, wao wanayaweka mwishoni. Niliandika kwenye daftari kwamba sisi tunalivalisha neno kofia na wao wanalivalisha viatu, kisha nikahofia kwamba si kauli ya kitaaluma, nikaikata kwa mstari mmoja mwembamba ili mwalimu bado aweze kuisoma.

Lakini jambo kubwa kuliko yote, ambalo nililipigia mstari mara mbili kwa wino mwekundu, ni ile dj ya katikati. Hakuna hata mtoto mmoja kati ya niliowataja aliyebaki nayo. Mpolandi ana dz, Mslovenia ana y ambayo yeye huiandika j, Mrusi ana zhd, tena hiyo zhd yenyewe ameiazima kwenye lugha ya kanisa kutoka kwa ndugu zake wa kusini. Ya kwake ya nyumbani ni zh peke yake. Mama alikuwa na kitu ambacho watoto wote wamekipoteza, kila mmoja kwa njia yake, na mtaalamu anakirudisha kwa kuangalia makovu.

Nililiandika hilo Jumatatu. Jumanne nikalisahau kabisa.

Jumanne hiyo alikuja mteja mmoja, mwalimu mstaafu, ambaye mtaa mzima unamwita Mama Mwalimu. Alibeba mfuko wa nailoni wenye nguo tatu. Alikaa kwenye ofisi yangu, yaani benchi, nikamwamkia, akaitikia, akazitandaza mapajani.

"Fundi wangu," alimwambia shangazi, "nataka unishonee gauni la mama."

"Lete, nilipime."

"Halipo. Mama alipofariki nguo zake ziligawiwa, gauni lile likaenda kwa mdogo wake Mpwapwa, akalivaa mpaka likaisha. Lakini mwaka aliolishona, alitushonea na sisi mabinti zake watatu, kitambaa kimoja na mshono mmoja na wake. Haya ndiyo ya kwetu. Yametumika, utayaona."

Kisha akaeleza sababu. Jumamosi ya wiki iliyofuata ukoo ungekwenda kijijini kwao Buigiri kuweka msalaba kwenye kaburi la mama yao. Msalaba ungebebwa na mjukuu aliyerithi jina la bibi, naye avae gauni kama la bibi. Baba yao bado yupo, mzee sana, macho yamekwisha. Tangu mkewe afariki alikuwa hatoki nje kwa jambo la ukoo, na hata siku ya mazishi alikaa ndani. Sasa alikuwa amesema atatoka kwa sharti moja: mjukuu aje kama bibi yake. Wakikosea, atarudi chumbani na msalaba watauweka wenyewe.

"Kama haoni, atajuaje?" shangazi aliuliza.

"Atashika," alisema Mama Mwalimu. "Baba yangu akishika kitu, bora hata angekuwa anaona."

Alipoondoka, shangazi alizitandaza nguo tatu mezani akajishika kiuno. La Mama Mwalimu mwenyewe lilikuwa limeongezwa ubavuni kwa vipande vya kitambaa kingine, na kola imeondolewa. La binti wa pili lilikuwa limekatwa kiunoni likawa blauzi. La kitinda mimba halikuwa na mikono. Maua madogo ya bluu yalikuwa yamepauka kwa viwango vitatu tofauti.

Watoto watatu, mama mmoja ambaye hayupo! Maisha yalikuwa yameniletea kazi ya darasani mpaka kibarazani.

"Shangazi," nilisema, "hii niachie mimi."

"Kushona?"

"Kutafiti."

Nilichora jedwali. Kushoto niliandika kola, mikono, kiuno, pindo, zipu, mifuko; juu nikaandika binti wa kwanza, wa pili, wa tatu. Kola: wawili wanayo, mmoja ameitoa na mshono unaonyesha. Basi mama alikuwa nayo. Mikono: wawili wanayo, mifupi, imejaa begani. Basi mama alikuwa nayo. Kulikuwa na viraka kwapani kwa wote watatu, nikaviandika pembeni chini ya kichwa "mabadiliko ya baadaye". Mbele ya gauni la wa tatu kulikuwa na mraba wa rangi iliyokolea kidogo, nikaandika "doa". Nilifikiria sana kama niandike doa au alama. Nilitumia karibu robo saa hapo. Nikabaki na doa.

Mifuko: wa kwanza hana, wa pili hana, wa tatu hana.

"Hakuna mfuko," nilimtangazia shangazi.

Alikuwa ameshika gauni la Mama Mwalimu karibu na uso. "Hapa mbele sindano imewahi kupita," alisema. "Naona vitundu."

"Labda ni urembo ulioshonewa baadaye."

"Vitundu vimepanga mstari, vikakata kona."

"Shangazi, ushahidi ni watatu kwa sifuri."

Alinitazama. Shangazi alikuwa na sare za shule za watoto wengi zinamsubiri, na mimi nilikuwa na shahada. "Haya, msomi," alisema. "Watatu kwa sifuri." Tulimpigia simu Mama Mwalimu kuhakikisha, naye akacheka: "Mfuko? Mama yangu alikuwa anafunga vitu kwenye pindo la kanga kama wanawake wote." Nikaandika hilo nalo kwenye daftari: shahidi anathibitisha.

Shangazi alichora paterni kwenye karatasi ya kaki, akakata, akashona. Kitambaa kinachofanana na kile tulikihangaikia soko la Majengo nusu siku nzima, na muuzaji alikuwa na kipande kimoja cha mwisho. Kilichobaki baada ya gauni nilishauri kishonwe kilemba cha mjukuu, ili kisiende bure. Shangazi akashona kilemba. Siku ya Alhamisi kila kitu kilikuwa kimepigwa pasi, nami nilijisikia vizuri kwa saa mbili hivi, ambazo kwangu ni nyingi.

Ijumaa, siku moja kabla, tulipanda basi kupeleka gauni Buigiri, shangazi akiwa na kimkoba cha sindano na nyuzi kwa ajili ya marekebisho. Mjukuu alikuwa ameshafika. Ni muuguzi, mrefu, mwenye sauti ya kuamrisha wodi nzima. Alilivaa gauni, likamkaa vizuri, akajizungusha mbele ya kioo cha kabatini. Mama Mwalimu alifumba mdomo kwa kiganja. Mimi nilikuwa nahesabu makosa ambayo bado sijayaona.

Mzee alikuwa amekaa sebuleni kwenye kiti cha mbao, kifimbo katikati ya magoti.

"Mbukwenyi!" alitusalimu kwa Kigogo aliposikia hatua zetu, kisha akaongeza, "Nani kaja na harufu ya pasi?"

"Shikamoo babu. Ni mafundi."

"Marahaba. Hilo gauni mmelileta?"

Kumbe alitaka kulijaribu kabla. Sikuwa nimejiandaa. Mama Mwalimu naye hakuwa amejiandaa. Mjukuu alijisogeza tu, hana wasiwasi, akaketi kwenye kigoda kando ya kiti chake.

"Mke wangu, umenenepa," mzee alisema.

"Nimenenepa kwa kula posho yangu mwenyewe, mume gani wewe hata sabuni huninunulii," mjukuu akamjibu. Sebule nzima ikacheka, maana ndivyo babu na mjukuu wanavyotaniana, hasa mwenye jina la bibi.

Mzee alishika bega, akabonyeza lile jazo la mkono, akaguna kwa kuridhika. Alishika kola kwa vidole viwili, akaifuata mpaka mwisho. "Eeh," alisema. Kisha mkono ukashuka upande wa kiunoni, ukapapasa kitambaa, ukarudi juu kidogo, ukapapasa tena, kama mtu anayetafuta swichi ukutani.

"Mfuko uko wapi?"

Mama Mwalimu alinitazama mimi, mimi nikamtazama shangazi.

"Mfuko," alirudia. "Ugoro wangu nilikuwa nauchukua wapi? Mama yenu alikuwa ananificha ugoro, anauweka mwilini mwake ili nisiuone. Anakaa hapa, mimi nakaa hapa, tunaongea mambo ya maana, mkono wangu uko kazini." Aliurudisha mkono kwenye kifimbo. "Huyu siye."

Nilitamani sakafu ifunguke. Mama Mwalimu alijaribu: "Baba, mama alikuwa anafunga kwenye kanga..."

"Mbele zenu. Mngekuwa mnajua mnge..." Hakumalizia. Alianza kunyanyuka, akielekea chumbani kwake, na sote tulijua safari ile ilikuwa na maana gani kwa siku ya kesho.

Hapo shangazi akaongea, taratibu, kwa sauti ya mtu anayepima kitambaa cha bei. "Babu, kaa kidogo. Hili gauni halijamalizika. Tumekuja kuuliza mfuko ukae wapi."

Ulikuwa uongo. Lakini mzee alisimama, akafikiri, akakaa.

"Mama Mwalimu," shangazi akaendelea, "gauni lako lilipochanika kwapani, kiraka ulikitoa wapi? Maua ya kiraka ni yaleyale."

Mama Mwalimu aliangalia dari. Niliona kumbukumbu ikimfikia kwa awamu, kwanza machoni, kisha mabegani. "Tulibandua mfuko," alisema. "Jamani! Wote watatu! Kitambaa cha kufanana ungekipata wapi? Nguo ikichanika unabandua mfuko wake unashonea kiraka. Nilisahau kabisa."

Nilifungua daftari. Viraka: mabadiliko ya baadaye. Vitundu vyenye kona: urembo. Mraba uliokolea: doa. Na ukurasa uliotangulia, kwa wino mwekundu, mistari miwili chini yake: mama alikuwa na kitu ambacho watoto wote wamekipoteza, angalia makovu. Mkono ulioandika ukurasa ule na mkono uliochora jedwali ni mmoja. Nilitaka kumweleza shangazi kuhusu dj. Nilifungua mdomo.

"Usiongee," alisema. "Vua kilemba."

Alikuwa anamwambia mjukuu. Kitambaa kingine hakikuwepo duniani, kwa hiyo kilemba kilifumuliwa palepale, mimi na wembe, goti juu ya mkeka. Kazi ya kufumua angalau naijua. Kilichobaki ni swali la upande. Mzee alisema mkewe alikuwa akikaa kulia kwake, na mkono wake wa wizi ulikuwa wa kulia. Nilianza kukokotoa: kama amekaa kulia kwake na wote wanatazama mlangoni, basi ubavu ulio karibu naye ni wa kushoto wa bibi, isipokuwa kama bibi alikuwa amegeuka kumtazama, na kwa kuwa walikuwa wakiongea mambo ya maana huenda aligeuka, kwa hiyo...

"Mwanangu," shangazi alisema, "kuna doa kushoto au kulia?"

"Kushoto."

"Basi."

Aliushona kwa mkono, maana cherehani ilikuwa Mkonze. Mzee hakutaka kuujaribu jioni ile. Alisema kesho ni kesho, na kwamba chai ya mjukuu ilikuwa nyepesi. Tulilala kwao, na mimi nilipanga kichwani barua nne za kuomba radhi, moja kwa kila binti na moja kwa marehemu.

Asubuhi ya Jumamosi kulikuwa na upepo ule wa kwetu wa kiangazi, unaorusha vumbi jekundu mpaka kwenye meno. Viti vilipangwa uani, vikielekea kaburini. Mchungaji alikuwa ameshafika, kwaya inajaribu sauti, msalaba umelazwa juu ya meza yenye kitambaa cheupe. Kiti cha mzee kilikuwa mahali pake, kitupu. Mama Mwalimu alisimama karibu nacho akijifanya anapanga maua.

Kisha mlango ukafunguka akatoka, koti limefungwa vifungo vyote, kifimbo mbele. Alikaa. Mjukuu akaja na gauni lake, bila kilemba, nywele zimesukwa vizuri, akaketi kulia kwake. Kwaya ikanyamaza, sijui kwa nini, nadhani hata wao walikuwa wameshapata habari.

Mzee hakuharakisha. Alimwuliza mjukuu habari za kazi. Akauliza kama mvua ilinyesha Dodoma mjini, jambo ambalo wakati wa kiangazi hakuna anayeliuliza. Mkono wa kulia uliachia kifimbo, ukavuka, ukafika kwenye mfuko, ukaingia. Ndani yake mjukuu alikuwa ameweka kikopo kidogo cha ugoro, licha ya kwamba yeye ni muuguzi na alishamkataza mara nyingi.

Mzee alikishika, akakiacha, akautoa mkono mtupu.

"Mmeshona vizuri," alisema. "Lakini mfuko umekuwa rahisi mno. Yeye alikuwa anaufunga kwa pini."

Pini! Hakuna mtoto, hakuna kiraka, hakuna kovu ambalo lingeniambia kuhusu pini. Niliangalia daftari kana kwamba lingejibu. Shangazi alishafungua kimkoba chake. Alipiga goti kwenye vumbi mbele ya mchungaji na kwaya na ukoo wote, akachoma pini moja mdomoni mwa mfuko, akarudi kukaa.

"Jaribu sasa, babu."

Vidole vya mzee vilikwenda tena, vikakutana na pini, vikasita. Akaanza kuifungua polepole, bila kugeuza kichwa, uso umeelekea kaburini kama mtu anayesikiliza mahubiri. Mjukuu akampiga kofi mkononi, la mzaha, lakini lilisikika.

"Babu! Watu wanakuangalia!"

Mzee alicheka mpaka kifimbo kikaanguka. Mama Mwalimu hakukiokota, alikuwa amejifunika uso na maua. Mchungaji akasubiri. Alipomaliza kucheka mzee alifuta macho kwa mkono wa koti, akamshika mjukuu kiwiko ili amsaidie kuinuka.

"Haya," alisema, "tumpelekee msalaba wake."